Mtoto Ametapika Damu: Kwa Nini Daktari Anachungulia Pua Kwanza

Mtoto akitapika kitu chekundu, jibu huwa limeshatolewa kabla hajafikishwa hospitali: "Hivyo ni vidonda vya tumbo." Mzazi anafika na jibu hilo kichwani, anatarajia mtoto apigwe kamera ya kuingizwa mdomoni hadi tumboni dakika hiyo hiyo. Badala yake anamkuta daktari anamulika tundu za pua, anauliza mtoto alikunywa nini jana, anapapasa tumbo upande wa kushoto, kisha anataka kujua kama mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Inaudhi. Inaonekana kama kupotezeana muda. Kumbe maswali hayo ndiyo uchunguzi wenyewe, na kamera, zamu yake ikifika, mara nyingi huenda kuthibitisha kile ambacho maswali yameshaanza kukionyesha.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Sehemu ya juu ya njia ya chakula ni umio, mfuko wa tumbo, na duodeni, yaani kipande cha mwanzo cha utumbo mwembamba kilichojikunja kama herufi C. Mpaka wake uko pale duodeni inapoishia, mahali utumbo unaposhikiliwa na kano ya Treitz. Damu inayovuja kabla ya hapo huhesabiwa kuwa ya juu, na kamera ya kawaida ya mdomoni huweza kufika karibu eneo hilo lote. Baada ya hapo ni safari nyingine, yenye vifaa vingine.

Damu ya juu hujitokeza kwa sura tatu. Mtoto anaweza kutapika damu nyekundu mbichi. Anaweza kutapika vitu vya kahawia mithili ya mashapo ya kahawa, ambavyo ni damu iliyokaa tumboni ikaunguzwa na asidi. Au asitapike kabisa, ila apate choo cheusi, laini, kinachong'aa na kunata kama lami mbichi, chenye harufu kali ambayo ukiinusa mara moja huwezi kuisahau.

Wengi hudhani nyekundu ni hatari na nyeusi ni "damu ya zamani" isiyo na haraka. Rangi haipimi wingi. Inaeleza tu damu imekaa na asidi na kusafiri utumboni kwa muda gani. Mtoto anaweza kuwa na choo cheusi huku kidonda kikiendelea kuvuja muda huo huo. Na mtoto mchanga, ambaye utumbo wake ni mfupi na unasukuma vitu haraka, anaweza kuvuja damu tumboni ikatokea chini ikiwa bado nyekundu, kila mtu akaitafuta kwenye njia ya haja kubwa.

Kwanza: hivi ni damu kweli?

Swali hili linachekesha mpaka utakapojua ni mara ngapi jibu huwa "hapana". Vinywaji na peremende zenye rangi nyekundu, dawa za maji za rangi hiyo, bitiruti, nyanya: vyote vikirudi juu vikiwa vimechanganyika na ute wa tumbo hutisha sawasawa na damu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hugeuza mkojo, mate na machozi kuwa ya rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Kwa upande wa choo, dawa za kuongeza madini ya chuma hukifanya kuwa cheusi au kijani kilichokolea, na dawa ya tumbo yenye bismuthi, mkaa wa dawa na mboga za majani za kijani kibichi zikiliwa kwa wingi hufanya hivyo pia. Tofauti ni kwamba choo cha madini ya chuma kwa kawaida hakinati kama lami wala hakina ile harufu.

Kuna kipimo cha karatasi ya gwayaki. Choo kidogo hupakwa kwenye karatasi, hudondoshewa tone la kimiminika chenye haidrojeni peroksaidi, na kama kuna damu karatasi hugeuka bluu. Ni chepesi na cha bei ndogo, lakini kinadanganyika. Nyama nyekundu iliyoliwa karibuni inaweza kukifanya kiseme "ndiyo" bure, na vitamini C nyingi inaweza kukifanya kiseme "hapana" ilhali damu ipo. Tena karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya choo haifai kwa matapishi, kwa sababu asidi ya tumbo huivuruga. Ipo nyingine maalumu kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana simu ya mzazi ina thamani kuliko anavyofikiri. Picha ya matapishi au ya nepi, iliyopigwa kwenye mwanga mzuri kabla kitu hakijamwagwa, humsaidia daktari kuliko maneno "ilikuwa nyingi sana". Nepi yenyewe ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki ikaja nayo, ni bora zaidi.

Pili: ni damu ya nani, na imetokea wapi?

Hapa ndipo pua inapoingia. Mtoto anayetokwa damu puani usiku akiwa amelala chali huimeza. Tumbo halipendi damu, hivyo asubuhi anaitapika yote kwa mkupuo, na godoro halina hata tone. Daktari anamulika pua, anamulika koo la nyuma kuona kama kuna damu inayoteremka, anaangalia fizi na meno. Kama mtoto alikatwa tonsili siku chache zilizopita, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10 ambapo ule utando mweupe unaofunika kidonda huanza kubanduka, koo linakuwa mshukiwa wa kwanza, na hiyo ni dharura inayojitegemea. Damu inayotoka kwenye mapafu nayo humezwa ikatapikwa, ila ikikoholewa huwa nyekundu angavu yenye povu.

Kwa mtoto wa siku chache, "ni ya nani" ni swali halisi kabisa. Anaweza kuwa amemeza damu ya mama wakati wa kuzaliwa, au ananyonya chuchu zilizochanika. Kuna kipimo cha zamani, rahisi na kizuri kinachotenganisha damu hizo mbili, kiitwacho kipimo cha Apt. Msingi wake ni kwamba hemoglobini, yaani protini inayoipa damu wekundu, ya mtoto mchanga haivunjwi kirahisi na alkali, ya mtu mzima huvunjika. Sampuli yenye damu huchanganywa na maji, huzungushwa kwenye mashine ili uchafu ushuke chini, kisha maji yenye rangi ya waridi yaliyobaki juu hutolewa. Kwenye mililita 5 za maji hayo huongezwa mililita 1 ya sodiamu haidroksaidi ya asilimia 1, halafu mtu anasubiri dakika mbili na kutazama. Yakibaki ya waridi, damu ni ya mtoto. Yakigeuka manjano yenye ukahawia, ni ya mama, na kinachohitaji matibabu ni chuchu.

Kipimo hiki huharibika kwa namna moja ambayo hurudiwa sana: watu hupeleka choo cheusi. Hemoglobini ya humo imeshaunguzwa na asidi, kwa hiyo itaonyesha kahawia hata kama damu ni ya mtoto mwenyewe, na familia itaambiwa "msiwe na wasiwasi" kimakosa. Sampuli lazima iwe nyekundu. Na kadiri miezi inavyopita, hemoglobini ya mtoto inabadilika kuwa ya kikubwa, hivyo kipimo hupoteza maana.

Amepoteza kiasi gani?

Kwenye karatasi swali hili linakuja la tatu. Mtoto akiletwa amelegea linakuwa la kwanza, na mengine yote yanangoja dripu mbili ziwekwe na damu ya kuongezewa itafutwe.

Mwili wa mtoto una takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo, watoto wachanga zaidi kidogo. Mtoto wa kilo 10 basi ana kama mililita 800, chini ya lita moja. Akitapika mililita 80, kiasi kisichojaza nusu ya glasi ya kawaida, ameshapoteza moja ya kumi ya damu yake yote. Kwa mtu mzima kiasi hicho hicho ni kama kuchangia sehemu ndogo tu ya chupa ya damu. Kinyume chake pia ni kweli: kijiko kimoja cha damu kilichochanganyika na maji ya matapishi hupaka beseni zima rangi, na macho ya mzazi mwenye hofu hayana mizani.

Kwa hiyo daktari haulizi beseni, anauliza mwili. Mapigo ya moyo hupanda mapema. Mikono na miguu inapoa. Ukibonyeza kidole kikapauka, wekundu unachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi. Mtoto anakuwa mkali, halafu mzito, halafu anasinzia. Shinikizo la damu, ambalo watu hulitegemea kwa sababu lina namba, ndilo la mwisho kusema ukweli. Watoto hubana mishipa yao vizuri mno kiasi kwamba shinikizo linaweza kubaki zuri hadi robo ya damu au zaidi imepotea, kisha linaanguka ghafla. Kanuni inayotumika kwa umri wa mwaka 1 hadi 10 ni 70 jumlisha umri mara mbili: kwa mtoto wa miaka 4, shinikizo la juu likiwa chini ya 78 ni hatari. Ukingoja namba hiyo ndipo uamini, umechelewa.

Namba nyingine inayodanganya ni "wingi wa damu". Mzazi anaambiwa hemoglobini ni 11, anashusha pumzi. Chukua jagi la juisi, mimina nusu yake. Iliyobaki ni nusu, lakini utamu ni ule ule. Onjo la kijiko halitakwambia kwamba jagi limepungua. Juisi itakosa utamu utakapoongeza maji, na mwilini maji hayo huingia kwenye mishipa polepole, kwa saa kadhaa hadi siku moja au mbili, au huletwa na dripu. Ndiyo sababu hemoglobini hurudiwa kila baada ya saa chache. Ikiwa ya chini sana tangu kipimo cha kwanza, na chembe nyekundu ni ndogo kuliko kawaida, hiyo ni habari nyingine: mtoto amekuwa akivuja kidogo kidogo kwa wiki au miezi na leo ndipo kimeonekana.

Katika damu hiyo hiyo hupimwa chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), muda wa kuganda, ini, na figo. Yurea ina kazi ya kipelelezi. Damu iliyomwagika tumboni ni protini, humeng'enywa kama chakula, na yurea, ambayo ni taka ya protini, hupanda wakati kreatinini, taka nyingine inayotolewa na figo, imetulia. Hali hiyo huelekeza kwamba chanzo kiko juu. Mtoto aliyekaukiwa maji pia huonyesha hivyo, basi haitoshi peke yake.

Umri na historia hufanya kazi kubwa

Siku chache baada ya kuzaliwa, ukiacha damu ya mama, jambo la kuulizwa kwa herufi kubwa ni sindano ya vitamini K. Watoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini hiyo, na bila hiyo ini haliwezi kukamilisha baadhi ya viini vya kugandisha damu. Uvujaji wa aina ya kawaida hutokea kati ya siku ya 2 na ya 7. Aina ya kuchelewa huja kuanzia wiki ya 2, mara nyingi hadi ya 12, hasa kwa anayenyonya maziwa ya mama pekee na hakupata sindano, kwa kuwa maziwa ya mama yana vitamini K kidogo. Hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha, ni sababu ya sindano. Aina hii ya kuchelewa inatisha kwa kuwa damu inaweza kuvujia kwenye ubongo.

Katika miezi inayofuata hufikiriwa mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, michubuko ya umio kutokana na asidi inayopanda, na mfuko wa tumbo ulioumia kwa sababu mtoto ni mgonjwa mahututi wa kitu kingine.

Kwa umri wowote, msikilize mzazi anayesema, "Alitapika mara nne, tano, chakula tu, ya sita ndiyo ikaja na damu." Mpangilio huo, matapishi safi kwanza na damu baadaye, ni alama ya mchaniko wa Mallory-Weiss, uliopewa jina la madaktari wawili walioueleza mwaka 1929. Kishindo cha kutapika kimechana utando pale umio unapoungana na tumbo. Wengi hupona wenyewe.

Dawa za maumivu ni swali linalohitaji kuulizwa kwa subira, kwani mzazi akiulizwa "anatumia dawa gani?" hujibu "hakuna". Ibuprofeni ya homa haihesabiwi dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huzuia kemikali zinazolinda utando wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe, na mtoto aliyepewa kwa siku kadhaa, tena akiwa hajala chakula, anaweza kupata michubuko inayovuja. Njoo na vifungashio vyote, vya dawa za hospitali na za kienyeji.

Halafu kuna betri bapa za duara, zile za rimoti na vitu vya kuchezea. Hizi ziko peke yao. Ya milimita 20 ikikwama kwenye umio inaunguza ndani ya saa 2. Haihitaji kupasuka, kwani umeme wake hutengeneza alkali kali pale upande wa hasi unapogusa utando. Mara nyingi hakuna aliyemwona mtoto akiimeza. Kwenye eksirei hufanana na sarafu, ila ukitazama ukingo kuna pete mbili, moja ndani ya nyingine. Mtego mbaya ni kwamba betri inaweza kutolewa salama, mtoto akarudi nyumbani, na siku au wiki baadaye kidonda kikatoboka hadi kwenye mshipa mkuu wa damu. Kabla ya mkupuo mkubwa mara nyingi huja damu kidogo tu, kama ya onyo. Mtoto mwenye historia hiyo akitema hata kijiko kimoja cha damu, hakuna "tumwangalie kwanza".

Na sasa bandama, ule upande wa kushoto uliopapaswa. Damu yote ya utumbo hupita kwenye ini kwa kuletwa na mshipa mmoja mkuu. Ukizibwa, au ini likiwa na makovu, damu hufanya kama mto uliowekewa ukuta: hurudi nyuma na kutafuta vijito. Bandama hujaa na kuvimba, na vishipa vidogo vya umio hutanuka kuwa mishipa minene yenye ngozi nyembamba ambayo siku moja hupasuka. Mtoto wa namna hii anaweza kuwa mzima wa sura, anacheza, halafu anatapika damu nyekundu nyingi bila maumivu. Ndiyo maana anaulizwa kama alizaliwa njiti na kuwekewa mrija kwenye kitovu, au kitovu kiliwahi kuoza: mambo hayo huweza kuziba mshipa huo, na matokeo yakaonekana miaka baadaye. Anaulizwa kama aliwahi kuwa na manjano iliyodumu. Anaulizwa kama huoga kwenye maji yenye kichocho, kwani mayai ya kichocho cha utumbo hukwama kwenye matawi ya mshipa huo ndani ya ini na kuacha makovu. Kwenye vipimo, chembe sahani zikiwa chache kwa mtoto mwenye bandama kubwa, mshale unaelekea huko. Tahadhari moja: baada ya kuvuja damu nyingi bandama huweza kunywea, isipapasike siku hiyo, ikajitokeza tena baada ya kuongezewa damu. Altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu huamua.

Vidonda vya tumbo vipo, hasa kwa watoto wakubwa na vijana, ila si kwa pilipili wala kuchelewa kula. Bakteria Helicobacter pylori, waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na dawa za maumivu, ndio wahusika wakuu. Kipimo cha kingamwili za bakteria hao kwenye damu, kinachofanywa ovyo, hakifai kwa mtoto, kwa kuwa hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Kwa watoto uthibitisho hutoka kwenye vipande vya utando vilivyochukuliwa kwa kamera. Na minyoo? Minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya na kumwacha mtoto amepauka. Kwa kawaida haimtapishi damu.

Kamera na zamu yake

Endoskopi, yaani hiyo kamera ya mdomoni, ndiyo njia bora ya kuona chanzo, na mara nyingi hutibu hapo hapo. Hufanywa ndani ya saa 24 kwa uvujaji mkubwa, na ndani ya saa 12 inaposhukiwa ni mishipa ya umio, lakini baada ya mtoto kutulizwa. Kumlaza usingizi wa dawa mtoto ambaye mishipa yake inashikilia shinikizo kwa ncha ya ukucha ni kumwachisha ukucha huo. Mtoto wa chini ya kilo 10 huhitaji mrija mwembamba wa milimita 6 au pungufu, na tumbo lililojaa mabonge ya damu halionyeshi kitu; dozi ya erithromaisini kabla ya kipimo husaidia kulisukuma tupu. Kwa hiyo mtoto asipewe maziwa "ya kufunika kidonda", wala uji, wala asitapishwe kwa makusudi. Asipewe chochote mdomoni hadi aonwe.

Mrija wa puani hadi tumboni husaidia ukirudisha damu. Ukirudisha maji safi haumalizi kesi, kwa sababu mlango wa tumbo unaweza kuwa umefungwa na duodeni inavuja upande wa pili. Kusuuza tumbo kwa maji ya barafu ni mtindo uliokwisha: humpoza mtoto na kuvuruga chumvi za mwili. Picha ya eksirei ya kumeza bariamu pia haifai hapa, kwa kuwa unga wake mweupe hufunika kila kitu ambacho kamera ilikuwa ikitafuta.

Kuna watoto ambao kamera haiwaonyeshi kitu. Utando wa tumbo la mtoto hupona upesi, na mchubuko wa Jumatatu unaweza kuwa hauonekani Alhamisi. Kama damu imekoma na mtoto ni mzima, wengi huishia kufuatiliwa tu. Kama inarudi, kazi huanza upya: pua inaangaliwa tena, safari hii na daktari wa masikio, pua na koo, utumbo wa chini ya kano ya Treitz hupimwa kwa kidonge chenye kamera au picha maalumu ya kutafuta kifuko cha Meckel (kijifuko kwenye utumbo mwembamba ambacho baadhi ya watoto huzaliwa nacho), na kama damu bado inatiririka, mishipa hupigwa picha ya CT wakati huo huo inapovuja, kwa sababu ikishakauka picha hiyo haina cha kuonyesha.